Kujaza Risasi Mwenyewe: Piga Hesabu Kwanza Ndio Ujaze Stoo

Mpwa wangu ako Minnesota, na kila akiona bei ya vitu vya kujaza risasi imeshuka mahali ananitumia skrinshoti, huku Kasarani ni saa tisa usiku, "Anko, hii ni poa ama niachane nayo?" Nimemjibu hayo maswali mara nyingi mpaka nikaona wacha niandike yote mara moja, manake najua si yeye peke yake, kuna Wakenya kibao huko wanapiga shabaha wikendi na wanaskia ati ukijaza risasi mwenyewe, yaani unachukua ganda tupu unalitengeneza liwe risasi tena, unaokoa nusu ya pesa. Mimi nilikaa huko miaka 11, nikajaza risasi kwa gereji ya kukodi, nikarudi Nairobi 2022 na sai nauza spea pale Kirinyaga Road. Vyombo vyote nilimwachia huyo kijana. Kwa hivyo hesabu nazijua, na makosa nayajua zaidi.

Kabla ya pesa, sheria, na hapa msiruke.

Kama uko hapa Kenya hii stori soma tu kama stori. Huku risasi ni mambo ya cheti, unapitia bodi ya leseni za bunduki, na idadi ya risasi unayoruhusiwa inaandikwa. Usijaribu kujitengenezea zako kwa nyumba Umoja, hiyo si hobi, hiyo ni kesi. Na kama uko Marekani, angalia karatasi zako kwanza. Sheria ya shirikisho ya huko inasema mtu mwenye viza ya muda, yaani mwanafunzi, mtalii na wengine kama hao, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, kuna vighairi vichache kama mtu mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card yuko sawa. Lakini kitu yenye watu wetu hawajui ni kwamba kwa hiyo sheria neno risasi linabeba pia ganda tupu, fataki, kichwa na baruti (hivi vinne nitavieleza hapo chini), kila moja ikiwa peke yake. Kwa hivyo usidanganywe ati "hizi ni supplies tu, bunduki sina". Pia ukijaza za kuuza unahitaji leseni ya mtengenezaji, kwa hivyo ukiwapigia marafiki mahesabu ya "nitakuuzia boksi kwa dola 15" unajitafutia. Jaza zako, piga zako.

Na ukija Krismasi usibebe chochote kwa sanduku. Baruti na fataki haziruhusiwi kwa ndege kabisa, si ya mkononi si ya chini. Hata lile ganda tupu umefanya keyholder liache huko, mimi langu lilinikalisha kwa benchi ya uwanja mmoja wa ndege masaa mawili nikieleza.

Sasa twende.

Hatua ya kwanza: jua unanunua nini. Risasi moja ina vitu vinne. Ganda, lile la shaba nyeupe, kawaida asilimia 70 shaba na 30 zinki. Fataki, kile kidude kidogo kinakaa kwa matako ya ganda, ndicho kinapigwa na pini kikatoa cheche. Baruti ndani. Na kichwa, kile kinatoka kwa mtutu. Ukipiga, vitatu vinaenda, ganda linabaki, na hapo ndipo faida yote ya hii kazi inatoka. Fataki ziko za aina nne kuu, ndogo na kubwa, za bastola na za bunduki ndefu, na hazibadilishani. Saizi ya risasi inaitwa tisa milimita, ile ya bastola, inataka ndogo ya bastola, na .308, saizi ya bunduki ndefu, inataka kubwa ya bunduki ndefu. Naandika hivi kwa sababu mwaka wa kwanza nilinunua fataki 1000 kubwa za bastola kwa sababu zilikuwa na ofa, na sikuwa na bunduki hata moja inazitumia. Zilikaa kwa shelf miaka minne.

Hatua ya pili ndio hesabu na hapa shika kalamu, usifanye kwa kichwa.

Baruti inauzwa kwa paundi, ambayo ni kama gramu 454, lakini kipimo cha kujaza ni greni. Paundi moja ina greni 7000. Kwa hivyo ukijua unaweka greni ngapi kwa kila ganda unagawanya tu. Wacha tuseme tisa milimita inakula greni 5 (hii ni ya hesabu tu, kipimo chako kitoe kwa kitabu cha vipimo, usikitoe kwangu), hapo paundi moja inajaza risasi 1400. Kama hiyo paundi ni dola 40, baruti ya risasi moja ni kama senti 2.9. Si kitu. Fataki ukizipata 1000 kwa dola 75 ni senti 7.5 kila moja. Vichwa 1000 kwa dola 95, senti 9.5. Ganda umenunua lililotumika kwa senti 4 na utalijaza mara nane, hiyo ni nusu senti. Jumla senti 20.4.

Sasa nenda uangalie boksi ya kiwandani ya tisa milimita, ile ya kawaida ya mazoezi, kwa bei ya kununua kesi nzima. Ukiipata kwa senti 24 mpaka mlangoni, umeokoa senti 3.6. Na vyombo ulinunua vya dola 600. Gawanya. Unahitaji kupiga risasi 16,667 ndio vyombo vijilipe, na hapo sijahesabu jioni zako zote umeinama kwa hiyo meza. Mpwa wangu alipoona hiyo namba alinyamaza siku mbili.

Lakini chukua .308 ya shabaha ya mbali. Fataki senti 8. Baruti greni 42, paundi inatoa kama risasi 166, kwa dola 45 hiyo ni senti 27. Kichwa kizuri senti 48. Ganda jipya la dola moja ukilijaza mara nane ni senti 12.5. Jumla senti 95.5. Ya kiwandani ya kiwango hicho tuseme dola 1.70. Hapo unaokoa senti 74.5 kila ukivuta kidole, na vyombo vinajilipa kwa risasi kama 805. Umeona tofauti? Ni kazi ileile na meza ileile, kilichobadilika ni risasi yenyewe. Kwa hivyo mtu akikuambia "kujaza kunaokoa nusu", muulize anajaza gani. Bei zangu hapa ni za mfano, toa zangu weka za duka lako, mpangilio wa hesabu hautabadilika.

Na kuna ukweli mwingine wenye watu hawapendi kusema, wengi wakianza kujaza hawatumii pesa kidogo, wanapiga risasi nyingi. Ni kama mtu anunue pikipiki ati kuokoa nauli, halafu sasa anazunguka mpaka Naivasha kila Jumapili.

Hatua ya tatu, vyombo. Sitakaa hapa sana. Presi (mashine ya mkono ya kubana), dai (zile kalibu za chuma unapachika kwa presi kurudisha ganda saizi yake na kubana kichwa) za saizi yako, mizani, kalipa ya kupima urefu, kitabu cha vipimo. Presi nunua ya chuma iliyotumika, ile ya hatua moja, inakaa kama cherehani ya Singer, babu anaiachia mjukuu. Dai pia zilizotumika ni sawa. Mizani usicheze nayo, nunua nzuri na uzito wa kupimia kama inasoma ukweli, kwa sababu baruti ikizidi bunduki inaweza kupasuka mkononi. Kitabu nunua cha sasa, Hornady ama Lyman, na Hodgdon, kampuni ya baruti, wameweka vipimo vyao kwa intaneti bure. Anza na kipimo cha chini kabisa upande polepole. Presi ya hatua moja itakupa risasi 50 hadi 100 kwa saa ukiwa umezoea, zile kubwa za kuzunguka ni haraka zaidi lakini ni bei, na kwa mtu anapiga risasi 200 kwa mwezi ni kama kununua kanta ya kubebea mboga za nyumba yako.

Hatua ya nne, maganda, na hii ndio naipenda. Ganda ni pesa iko chini. Kila Jumamosi unaona jamaa wamepiga shabaha wameenda wakaacha shaba imetapakaa kama makaratasi Muthurwa jioni. Uliza kwanza kama range (uwanja wa kupigia shabaha) inaruhusu kuokota, zingine zinasema chenye kimeanguka ni chao, zingine hawana shida. Beba sumaku ndogo, yale ya chuma yatajishika hapo, tupa. Ya alumini pia achana nayo. Halafu kuna yenye ndani chini yana mashimo mawili madogo badala ya moja katikati, hayo yatakuvunjia pini ya dai. Ya kijeshi mengi fataki imebanwa kwa ukingo, yanajazika lakini lazima utoe huo ukingo kwanza, ni kazi ya ziada kwa kila moja, kwa hivyo usiyanunue kwa bei sawa na mengine.

Ganda la bastola likitunzwa linajazwa mara nyingi, mara kumi ni kawaida. La bunduki ndefu linachoka mapema, linarefuka, unalikata, linapungua unene karibu na matako. Ukiona mstari unang'aa umezunguka hapo chini, hilo limekufa, livunje kwa plaisi usije ukaliokota tena. Na ukimaliza kuosha na kupanga maganda nawa mikono, fataki zina yale madini ya risasi, lead kwa Kizungu, ndani na hilo vumbi si la kuingia tumboni. Usifanye hii kazi kwa meza ya chakula. Mimi nilifanya miezi mitatu mpaka mama watoto akanihamisha na meza yake.

Hatua ya tano ni ile ada ya mzigo hatari, na hapa ndipo watu wanachomeka bila kujua. Ukiagiza baruti ama fataki kwa mtandao, kuna ada ya kusafirisha kitu hatari, kawaida kati ya dola 20 na 50, na inalipwa kwa mzigo. Haijali umeagiza kidogo ama nyingi. Agiza fataki 1000 za dola 75, weka ada ya dola 30, zimekuwa dola 105, yaani senti 10.5 moja, ile ofa yote imeisha hapo. Agiza 5000 na ada ileile ni senti 0.6 tu kwa kila fataki.

Sasa Mkenya akikosa kuona hapa kuna chama, nani ataona? Tulikuwa wanne, wawili wa Kisii, mmoja wa Machakos na mimi. Hatukuwa tunachanga kila mwezi, ilikuwa ni hivi, mmoja akiona bei poa anatangaza, kila mtu anasema anataka nini, pesa inatumwa KABLA ya kuagiza, hii ya kabla ilikuja baada ya mtu kukosa pesa na mzigo ushafika kwangu. Mwenye anapokea mzigo tulikuwa tunazungusha. Baruti na fataki mara nyingi zinaweza kuingia kwa mzigo mmoja na ada moja, uliza duka. Kitu moja tu, kila mmoja achukue kopo lake likiwa limefungwa, hakuna kugawana baruti kwa kupima, mkitaka kugawana paundi moja basi hamko tayari kununua. Na linganisha na duka la karibu kila mara, duka halina ada ya mzigo, hata likiwa juu dola 5 kwa paundi unaweza pata bado ni rahisi.

Hatua ya sita, kuweka akiba. Hapa lazima niwape historia kidogo.

Huko Marekani hivi vitu vinapotea kwa mawimbi. Mwisho wa 2012 baada ya yale mauaji ya shule ya Sandy Hook watu waliogopa sheria mpya, 2013 ukienda dukani unakuta shelf ziko wazi, hata .22 hakuna, na ilichukua muda mrefu kurudi. Halafu 2020 ikaja korona, watu wengi sana wakanunua bunduki mara yao ya kwanza, na mwaka huohuo Remington ikaanguka kwa deni, na fataki za huko zinatoka kwa majina machache tu, CCI, Federal, Winchester na hao Remington. Fataki yenye nilizoea senti 3 nilinunua senti 15 mwaka wa 2021, kutoka kwa jamaa mmoja kwa maonyesho ya bunduki, ananiangalia machoni anasema wiki ijayo itakuwa 20. Nililipa. Halafu vita vya Ukraine kuanzia 2022 vikagusa baruti, kwa sababu nitroselulosi yenye inatengeneza baruti ya bunduki ndiyo hiyohiyo inatakiwa kwa mizinga, na jeshi halipangi foleni na wewe.

Sasa angalia sisi hapa. Tarehe 14 jioni EPRA wakitangaza petroli inapanda usiku wa manane, unaona foleni Thika Road mpaka barabarani, mtu anangoja saa nzima kujaza tangi ndio aokoe shilingi mia mbili. Lakini mwenye gari lake lilikuwa limejaa tangu tarehe 10 ako nyumbani anakula. Akiba ya fataki ni hivyo, inanunuliwa wakati hakuna mtu anaongea kuhusu fataki. Kawaida bei inalala mwaka wenye hakuna uchaguzi na hakuna kelele ya sheria, na hapo ndio unaingia.

Kiasi? Hesabu unapiga ngapi kwa mwezi kwa ukweli, si ile ya ndoto. Tuseme 200. Mwaka ni 2400. Fataki zinauzwa 1000 1000 kwa hivyo 3000. Baruti ya tisa milimita ni paundi 2, inabaki kidogo. Vichwa 2500. Hiyo ndio akiba ya mwaka mmoja na mtu wa mshahara anatosheka nayo. Kama kuna kitu cha kuongeza mara mbili ni fataki, sababu ndizo zinapotea kwanza na huwezi kuzitengeneza wala kubadilisha. Kichwa unaweza pata cha kampuni nyingine, baruti kitabu kitakupa aina tano sita zenye zinafanya kazi, ganda utaokota. Fataki hakuna njia.

Na nunua kwa seti. Hii nairudia kwa mpwa wangu mpaka amechoka. Nilikuwa na mtungi wa paundi 8 wa baruti, nzuri sana, nilipata kwa bei nilijisifia mwezi mzima, na fataki 140. Paundi 8 ni greni 56,000, risasi 11,200, na nina fataki 140! Ni kama mtu amenunua gunia la mchele na hana gesi. Kila ukinunua kimoja angalia vingine vitatu vinafika wapi, kile kidogo ndicho idadi ya risasi ulizonazo, mengine ni mapambo ya shelf.

Usikope kununua akiba. Kadi ya mkopo ya asilimia 20 na kitu kwa mwaka inakula ile senti yako 3.6 ukiwa umelala. Na usinunue baruti usiyoijua ati kwa sababu ni rahisi, nunua paundi moja ujaribu kwa bunduki yako, ukiipenda ndio urudi uchukue mtungi.

Hatua ya saba, kuhifadhi. Baruti inakaa miaka mingi sana ikiwa mahali pakavu, pa baridi kiasi, ndani ya kopo lake la kwanza. Usiihamishe kwa chupa ya soda, usichanganye mbili, usiache mbili mezani kwa wakati mmoja. Usiifungie kwa sanduku la chuma lisilopumua, moto ukitokea kopo la plastiki linapasuka tu likawaka, sanduku la chuma linakuwa bomu. Fataki zikae kwa trei zake, ukizimwaga kwa chupa moja zikigongana zote zitalipuka pamoja. Kanuni za moto zenye sehemu nyingi za huko zinafuata zinasema nyumbani usizidishe paundi 20 za baruti kwa makopo yake na fataki 10,000, juu ya hapo kuna masharti mengine ya boksi la mbao na kadhalika, na kama umepanga nyumba soma mkataba wako, na uliza bima pia. Ukifungua kopo ukasikia harufu kali ya asidi, ama ukaona vumbi jekundu kama kutu, hiyo imeharibika, hiyo haijazwi. Watoto, kufuli. Imetosha.

Kisha chukua kalamu ya wino mzito, kwa kila kopo na kila boksi andika mwezi, mwaka na bei uliyolipa. Ile bei ndio muhimu. Ukishakuwa na shelf yenye imeandikwa bei za miaka mitatu minne hutahitaji kutuma skrinshoti kwa mtu, utaangalia ya mwisho ulilipa ngapi, uongeze ada ya mzigo, ugawanye kwa risasi.

Wiki jana mpwa wangu aliona tena ofa, paundi 8 kwa bei ya chini. Nikamuuliza una fataki ngapi. Akaenda kuhesabu, akarudi baada ya dakika kumi, "Anko ziko 600." Nikamwambia si unajua chenye utanunua basi, nikazima simu nikalala.